Dirisha la Upande wa Mto

Chumba cha nyuma,
Nyumbani kwa Mama.
Jumapili, tarehe 16 Juni.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zetu sote. U hali gani, na magoti yanasemaje? Mara ya mwisho uliniambia baridi ya huko inakuingia mpaka kwenye mifupa, nami nikakucheka. Sasa goti langu la kushoto limeanza kulia kila nikishuka ngazi, kwa hiyo nakuomba radhi. Wifi hajambo? Watoto je, bado wanakijua Kiswahili, au nikiwapigia simu nitakuwa naongea na ukuta? Huku sisi tu wazima, isipokuwa shemeji, mume wa mdogo wetu Kitinda, ambaye yuko vile vile. Mara mbili kwa wiki anakwenda hospitali kusafishwa damu, na akirudi hata kijiko kinamshinda kukishika.

Ujumbe wako wa mwezi wa nne niliupata. "Tumia akili." Maneno mawili, halafu kimya mpaka leo. Sikukujibu kwa simu kwa sababu sisi wawili kwenye simu hatuongei, tunagombana. Kwa barua angalau utanisikiliza mpaka mwisho.

Unaikumbuka ile karatasi ya Mama. Sisi tulitaka pesa alizouzia kiwanja chake ajengee duka. Yeye akaenda benki akanunua hatifungani ya jiji, yaani akalikopesha jiji pesa zake ili lijenge mtambo wa kusafisha majitaka kabla hayajafika mtoni. Tulipomuuliza kulikoni, alisema, "Mto umenifungia dirisha miaka thelathini. Acha niukomeshe." Na ni kweli. Dirisha hili la chumba cha nyuma alilipigilia misumari mwenyewe, kwa sababu harufu ilikuwa inaingia mpaka kwenye chakula. Wewe ndiye uliyemshikia misumari. Mmoja ulimwomba akuachie uupige, ukajigonga kidole, ukalia mpaka majirani wakaja.

Sasa nije kwenye kiini cha ugomvi wetu. Jiji liliahidi kwamba mwaka wa tano maji yatapimwa pale darajani. Yasipofikia usafi ulioandikwa kwenye mkataba, jiji litawaongezea riba wote waliolikopesha. Mama aliposomewa hayo alicheka, akasema hawa watu wamejitia kitanzi wenyewe. Hakujua, wala mimi sikujua, kwamba mwaka huo ukifika mpimaji kutoka maabara atakuwa mimi. Mtaani sasa wananiita Mama Chupa, na watoto wakiniona wananiuliza kama nimewaletea soda.

Baada ya msiba wa Mama tulikubaliana sote watatu kwamba riba iende kwa Kitinda, kwa ajili ya mumewe. Nyongeza ile ingemtosha kununua sindano ambayo daktari amemwandikia shemeji kila mwezi. Kwa hiyo mambo yalikuwa hivi: mto ukiwa mchafu, shemeji anapata sindano, ukiwa safi, anakosa. Mungu anisamehe, katika maisha yangu sijapewa mtihani mbaya kama huo.

Siku mbili kabla ya kupima, Kitinda alikuja kwangu. Hakukaa. Alisimama mlangoni na mkoba begani, akasema, "Dada, sikuombi ukaibe. Chupa moja tu. Jiji lina pesa zake, mimi nina mume wangu." Nilimwambia nitaona, na kesho yake ukaja ujumbe wako.

Kaka, hapa soma taratibu, kwa maana hili hajalisikia mtu yeyote wa nyumbani. Nilifanya. Nilimwomba dereva asimame kabla ya kufika darajani, pale kwenye machinjio ya zamani. Bomba lake limezibwa siku nyingi, lakini chini yake kumebaki dimbwi. Nikachota. Kwenye lebo nikaandika "Darajani" kwa mwandiko ule ule uliokuwa ukinisifia tukiwa shule, nikarudi garini nimepakata chupa yangu.

Ndipo harufu ikanipanda. Ilikuwa imeshika mikononi mwangu. Kaka, ilikuwa harufu ya nyumba yetu, ya sare zetu za shule, ya ule wakati tukikaa kwenye dawati wenzetu wanahama. Na hapo ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa sijaisikia kwa zaidi ya mwaka, wala sikuwa nimeona imeondoka lini. Mama alitoa kiwanja chake ili harufu ile iondoke, akafa haijaondoka, na mimi mwanawe nilikuwa naipeleka ofisini ikahesabiwe kuwa bado ipo. Nililia. Dereva ni mstaarabu, alijifanya anatafuta kitu chini ya kiti.

Nilimwaga yale maji. Nikarudi bila sampuli hata moja, nikamwambia mkuu wa maabara kwamba hatifungani ile tunayo nyumbani, na kwamba nilipaswa kusema tangu mwanzo. La dimbwi nalo nikamweleza. Amenipa barua ya onyo na kunihamishia stoo, na chupa akampa mwenzangu. Mwenzangu alipima siku tatu mfululizo. Maji ni safi, Kaka. Riba inabaki ile ile.

Sikuandikii ili unisifu. Nimeanza kumpa Kitinda nusu ya bei ya sindano kutoka kwenye mshahara wangu, na kwa nusu hiyo shemeji akipata mwezi huu, mwezi ujao anakosa. Hilo nalala nalo na kuamka nalo. Nusu ya pili naiomba kwako. Mkono mmoja haulei mwana, wala hauuguzi mgonjwa. Uliniambia nitumie akili, na akili niliyo nayo ni hii.

Miezi miwili Kitinda hakunisemesha. Pesa alizipokea, lakini uso aliugeuzia ukutani. Leo asubuhi nimekuja kumwona mgonjwa nikasikia nyundo. Nilimkuta Kitinda huku nyuma, amepanda juu ya kitanda chako cha zamani, anang'oa misumari ya Mama. Shemeji ndiye aliyemwomba, alisema amechoka kutazama mbao. Kitinda hakugeuka. "Shika hapa," akaniambia. Nikashika. Dirisha lilikataa, likalia, mwisho likakubali, na upepo ukaingia. Upepo mtupu, Kaka, hauna kitu. Shemeji alivuta pumzi akasema, "Huu mto nao! Umenitangulia kupona." Tukacheka wote watatu, kisha Kitinda akaniegemea begani na kicheko chake kikageuka kilio. Nilimwacha alie.

Nakuandikia nikiwa hapo hapo dirishani.

Nisalimie wifi sana, na watoto mmoja mmoja. Shemeji anakusalimu. Fundi cherehani wa jirani naye anakusalimu, anasema suruali aliyokushonea ukiondoka asiione tena, maana kwa kitambi cha kwenye picha haitapanda. Kitinda hajaniambia nikusalimie, lakini ameniona naandika na amekaa hapa hapa, anamenya viazi. Mungu akulinde ugenini, akupe afya na moyo mwepesi, na siku moja akulaze tena kwenye kitanda hiki.

Ni mimi nikupendaye hata ukininunia,
Mdogo wako, Mama Chupa.

Msumari uliomo kwenye bahasha ni wako. Ilikuwa tisa, na minane imenyooka.