Mkate Kwenye Msumari

Jumatatu, 3 Machi

Nimemwosha nywele Mama Mohira, nimemsuka, nimempa chai. Anaimimina kikombeni, anairudisha kwenye birika, mara tatu, ndipo anywe. Mwaka wa pili niko naye na bado sijazoea. Mwanawe Rustam, fundi wa meli hapa bandarini, ndiye aliyeniajiri. Anasema mama yake alikuwa mwigizaji mkubwa kwao Uzbekistani. Miaka arobaini jukwaani. Watu wanapanga foleni tangu alfajiri kutafuta tiketi.

Bon. Hapa Durban kila mtu alikuwa mkubwa kwao. Jirani yangu anayeuza kava za simu alikuwa prefe, mkuu wa shule, kule Bukavu.

Asubuhi hawezi kutembea, lazima nimshike. Saa nane mchana nimemkuta dirishani, wima kama askari, anatazama meli. Kuniona tu, magoti yakaanza kutetemeka. Eish. Simwamini huyu mama.

Binti yangu Neema amepiga simu kutoka Joburg. Siku zake za kujifungua zimekaribia. Nitapanda basi Jumatano ijayo. Mtoto wake wa kwanza tulimzika mwaka jana kabla hajapewa jina. Huyu hatutampoteza. Mungu anisikie.

Jumatano, 5 Machi

Nilikuwa jikoni, nikasikia kishindo. Mama Mohira chini, mkono kifuani, macho yamekodoka. Nimelia. Nimeita Yesu. Nilishashika simu niite ambulansi, akafungua jicho moja. Akaniambia, kwa Kiingereza chake cha kuokota, nisogee, nawaziba watazamaji wa nyuma.

Watu gani? Iko mimi, yeye na friji.

Nimekasirika, hata chakula kimenishinda.

Ijumaa, 7 Machi

Nilikuwa natafuta blanketi kabatini mwake. Chini kabisa, ndani ya kitambaa cheupe, iko mkate. Wa mviringo, kama ule anaooka yeye Ijumaa, wenye nakshi ya uma katikati. Lakini huu umekauka, mgumu kama tofali. Umeng'atwa mara moja tu, pembeni. Alama za meno zinaonekana.

Nimeurudisha haraka. Mikono nimenawa mara mbili kwa sabuni.

Kwetu mtu hafichi mkate wenye meno ya mtu mwingine bila sababu. Kilichoachwa na mdomo wako kikiwa mikononi mwa mtu, mtu huyo amekushika. Hilo hata mtoto anajua.

Meno ya nani yale?

Jumapili, 9 Machi

Baada ya ibada nimepita duka la simu. Dada wa pale ameandika jina la Mama Mohira, video ikatoka. Ya zamani, imejaa chengachenga. Mwanamke wa gauni jeusi ameketi peke yake jukwaani. Hasemi kitu. Anapangusa meza tu, polepole, sahani moja haina mwenyewe. Ule mkono naujua, naukata kucha kila wiki. Watu ukumbini wanalia. Na mimi nimelia pale dukani, mbele ya wateja.

Kwa hiyo Rustam hakunidanganya. Mama yake ni mkubwa kweli.

Ndiyo mbaya zaidi. Mtu anayeweza kuliza ukumbi mzima kwa kupangusa meza, atashindwa kunidanganya mimi? Anaponishika mkono na kusema mwanangu, ni yeye au ni teatre?

Jumanne, 11 Machi

Amefanya. Nilijua atafanya.

Nilikuwa naaga. Akaja na mkate wa moto, anatembea mwenyewe, bila mkono wa mtu. Akaniambia ng'ata. Nikasema nimeshiba. Akausogeza mdomoni kwangu, macho yamejaa machozi. Nikaona aibu, nikang'ata. Nikataka kuchukua uliobaki, nile njiani. Akaukumbatia. Hapana. Akautundika kwa kamba kwenye msumari juu ya mlango, meno yangu yanaonekana waziwazi, na lile pengo langu la mbele.

Amenishika. Na mimi naenda kupokea mtoto kwa mikono hii.

Nimempigia mchungaji. Amesema utoe, usiulize. Mama Mohira alipoingia kuoga, nikapanda kiti, nikautoa. Nimeutupa kwenye pipa la chini, mbele ya jengo, nikikemea kwa jina la Yesu. Mlinzi alinitazama kama kichaa. Anitazame.

Jumapili, 16 Machi

Joburg. Msichana! Kilo tatu na kitu. Analia kama honi ya lori. Neema mzima. Asante Baba, asante, asante.

Nilijua. Dawa ya mchawi ni kumwahi.

Jumatano, 19 Machi

Rustam amepiga. Anauliza kwa upole kama najua mkate ulipoenda. Mama yake hali chakula vizuri. Kila siku anasimama chini ya ule msumari.

Nikamwuliza, kwa ukali, mkate wa nini.

Amenieleza. Kwao anayesafiri anang'ata mkate, nyumbani wanautundika. Hakuna wa kuugusa. Mkate unamngoja, naye lazima arudi aumalize. Ni dua ya mama, basi.

Nikauliza ule wa kabatini. Akajibu. Ule ni wa kaka yake Jahongir. Aling'ata akaenda vitani, ana miaka kumi na tisa. Habari ya kifo chake ilifika siku mama yao ana onyesho. Alipanda jukwaani vilevile. Alikuwa anaigiza mama anayemngoja mwanawe. Walimpigia makofi wamesimama. Walidhani ni kazi.

Nimekata simu. Nimefua nepi ambazo tayari zilikuwa safi.

Mimi ni mjinga. Nimetupa dua pipani.

Ijumaa, 28 Machi

Nimerudi. Kabla ya kupanda ngazi nilipita kwa mwoka mikate, nikanunua wa mviringo. Nikang'ata pembeni, pale pale barabarani. Nikauweka kwenye mfuko.

Mama Mohira alikuwa ameketi mkabala na mlango. Nikautoa. Nikamwambia niliuchukua niende nao, nilimkumbuka mno, nisamehe mama. Hata machozi nilitoa. Hayo yalikuwa ya kweli.

Akaupokea. Akaubonyeza: laini. Akatazama katikati: hauna nakshi. Akatazama pengo la jino langu kwenye mkate, kisha mdomoni mwangu. Muda mrefu. Nilitaka sakafu inimeze.

Akauweka mapajani. Akapiga makofi. Taratibu, mara tatu.

Halafu akaumega, akanipa upande wenye meno. Tukala mpaka ukaisha.

Jumamosi, 29 Machi

Nimemwosha nywele. Chai, mara tatu. Leo nimeimimina mimi. Ameangalia picha ya mtoto kwenye simu mpaka chaji ikaisha.

Kile kitambaa cheupe nimekifua, nikakipiga pasi, nikaufunga mkate wa Jahongir upya. Nimeubeba kwa mikono miwili. Nimeurudisha mahali pake, chini ya mablanketi, penye ukavu.