Mapazia ya Tajiri na Wakili wa Halmashauri

Mpendwa Mshauri,

Najua ukurasa wako ni wa wenye ndoa zinazoyumba, na yangu nayo imeanza kuyumba kwa sababu ya jambo hili, kwa hiyo usinifukuze, naomba msaada wako, maana huku nilipo kila mtu mzima ninayemwuliza ananijibu niombe radhi yaishe.

Mimi ni fundi wa mapazia na ni diwani, vyote kwa pamoja, asubuhi cherehani mchana kikao, na watu wa kata yangu walinichagua kwa jambo moja tu, nisimamie wodi ya wazazi ijengwe kwenye kiwanja kilicho ubavuni mwa zahanati, maana hadi leo wanawake wanajifungulia kwenye korido, na pazia linalowasitiri nililishona mimi mwenyewe kwa vitambaa vilivyobaki, na upepo ukivuma muuguzi hulishikilia kwa mkono mmoja huku mkono wa pili unampokea mtoto. Sasa kuna tajiri mwenye vituo vya mafuta anayedai kiwanja hicho ni chake, ametushitaki, na halmashauri imeajiri kampuni ya mawakili itutetee, na wakili wao kila akija kwenye kikao anatuambia kesi ni ngumu, kesi ni ngumu, afadhali tumpe tajiri upande wa barabarani sisi tubaki na upande wa nyuma, ambao, Mshauri, ni bonde la maji machafu, hata bata hawakai.

Mwezi uliopita tajiri huyo akaniita nikapime madirisha ya ofisi yake mpya, na mimi kazi ni kazi, nikaenda na wifi yangu ambaye hunishikia ngazi, nikapanda, niko juu na futikamba yangu, mara mlango wa ndani ukafunguka akatoka wakili wetu, huyohuyo wa halmashauri, yuko na soksi tu, viatu kavua, kikombe cha chai mkononi kama mtu aliye kwake, na tajiri akasema, "Fundi, dirisha la chumba kile usilisahau, ni la wakili wetu, mwulize anapenda rangi gani." Na wakili akanitazama, Mshauri, akanitazama usoni, mimi ninayekaa kiti cha tatu kutoka kwake kila kikao, asinijue, akasema, "Weka kijivu, mama, nyeupe inashika vumbi."

Kikao kilichofuata nikasimama nikauliza, kwa adabu zote, kama wakili wetu anaweza kuwa pia wakili wa mtu anayetushitaki. Wakili mwenyewe siku hiyo hakuwepo. Mwenyekiti akavua miwani akaifuta, akasema swali hili ni zito, lina sheria ndani yake, hatuwezi kulijadili bila ushauri wa kitaalamu, na madiwani wakatikisa vichwa kukubali, na mimi nikafurahi nikadhani tumefika, kumbe ushauri huo waliuomba kwa nani? Kwa kampuni ileile. Walimwandikia wakili kumwuliza kama wakili ana kosa. Nilipomwambia Mwenyekiti kwamba hii ni kesi ya ngedere kumpelekea nyani, akaniambia, "Sasa Mheshimiwa, unataka tumwulize nani, na hao ndio wanasheria wetu?" Na alikuwa anauliza kweli, Mshauri, hakuwa anatania.

Majibu yalirudi upesi kuliko jibu lolote tulilowahi kupata kutoka kwao. Wamesema wamejichunguza na hawakuona kosa. Wamesema swali langu limewachafulia jina, kwa hiyo niwaombe radhi mbele ya kikao, la sivyo watanishitaki, na maneno ya kuomba radhi wamenitungia wao wenyewe ili nisihangaike. Halafu, na hapa ndipo usingizi uliponikimbia, wamesema siku ya kupiga kura ya kugawana kiwanja mimi nitoke nje, kwa sababu nina mgongano wa maslahi, kwa kuwa namshonea tajiri mapazia.

Mimi ndiye mwenye mgongano wa maslahi.

Siku hizi madiwani wenzangu wananiita Diwani Pazia, wanacheka. Mume wangu anasema funika kombe mwanaharamu apite, nisome hiyo radhi yao nimalize, maana wakitushitaki hata cherehani itakwenda, na nikimjibu ananuna, tunalala kila mtu anatazama ukuta wake. Wifi niliyemtegemea kuwa shahidi anasema, "Wifi, mimi nilikuwa chini nimeshika ngazi, nilichoona ni visigino vyako." Kikao ni wiki ijayo na kura zimekaribiana mno, nikitoka nje tu kiwanja kimekwenda. Na mapazia yenyewe yako hapa mezani, hayo ya kijivu yamebaki pindo tu, nikiyatazama natamani kulia. Nisome radhi, au nifanyeje?

Ni mimi, Diwani Pazia

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu Diwani,

Pole. Barua yako niliisoma nimekaa, nikasimama, nikakaa tena. Nimewahi kuandikiwa na mume aliyemwomba hawara yake ushauri kuhusu mkewe, nikadhani nimeyamaliza yote ya dunia. Lakini ukumbi mzima wa watu wazima kumwuliza mtuhumiwa kama ana hatia, kisha kumshukuru kwa jibu, hili ni geni kwangu. Tumezoea kusema kinyozi hajinyoi. Huyu wenu kajinyoa mwenyewe, na nywele kawaachia nyinyi mfagie.

Radhi usisome. Uliuliza swali, na kuuliza ndiyo kazi uliyotumwa. Mtu aliyekosewa kweli hasubiri kumtungia mwenzake maneno ya kumwomba msamaha.

Sasa nikukaripie, na unisikilize. Kwenye mapazia wakili amesema kweli. Inaniuma kuandika hivi, lakini kweli haigeuki uongo kwa kuwa imetoka kinywani mwa ndumilakuwili. Hivi ulifikaje juu ya ngazi ile? Unampimiaje madirisha mtu anayegombea kiwanja na wajawazito wako? Unaniambia kazi ni kazi. Mwulize wakili kwa nini alivua viatu pale, naye atakuambia kazi ni kazi. Kama hukutaka kufanana naye, ungeshuka hapohapo.

Basi shuka sasa. Kesho funga vitambaa vyote, vilivyoshonwa na visivyoshonwa, pamoja na malipo yoyote ya awali uliyopokea, uvirudishe mwenyewe mchana kweupe. Usidai hata uzi. Wakuandikie kwamba wamepokea. Kisha tafuta wakili mwingine, asiyefahamiana na hawa, akueleze kama vitisho vyao vina meno, maana mara nyingi diwani hashitakiwi kwa swali aliloliuliza kikaoni. Akusaidie pia kupeleka malalamiko kwenye chombo kinachosimamia maadili ya mawakili. Andika ulichokiona na ulichokisikia: mlango, soksi, kikombe, maneno ya tajiri. Usitie chumvi, imekolea tayari.

Wifi yako mwambie hakuna anayemtaka aseme alichokiona. Aseme alichokisikia. Masikio yake hayakuwa yameshika ngazi.

Mumeo usigombane naye, anaogopa, na mwenye kuogopa hashindwi kwa kelele. Asubuhi moja mpeleke kwenye ile korido, mwombe muuguzi apumzishe mkono, mumeo ashikilie pazia yeye japo kidogo. Mkirudi nyumbani mtaongea.

Mwenyekiti wako naye, kwa ninavyomsoma, si mwizi. Amezoea kubisha hodi mlango mmoja tu, hata akitafuta mwenye mlango ule ameiba nini. Mwandikie kabla ya kikao, kwa heshima, umwombe swali lako lijibiwe na mwanasheria wa nje na kura isubiri mpaka hapo. Akikataa, angalau atakuwa amekataa kwa maandishi.

Na siku ya kikao nenda mapema, ukae kiti chako kilekile cha tatu. Kabla hawajakutoa nje, simama useme: "Nilikuwa na maslahi kwa tajiri huyu. Nimeyarudisha, na uthibitisho huu hapa. Kwa hiyo nabaki kupiga kura. Sasa naomba na wakili wetu asimame, aseme yake ni yapi." Halafu kaa. Usiongeze neno, hata wakikucheka.

Najua kitakachofuata. Mwenyekiti atavua miwani, aifute, ageuke kumwuliza wakili kama wakili anapaswa kujibu. Hapo ndipo unyooshe mkono tena, dada yangu. Mwombe avae miwani yake, amtazame wakili kwa macho yake mwenyewe.