Shibiti Imetoa Maua Februari

Bulla Pesa, Isiolo
Machi

Mama mpendwa,

Habari ya nyumbani? Mgongo umepata nafuu, au bado unainuka ukiushika? Baridi ya Kinangop naitamani hadi naiota. Mwili wangu ni mzima, lakini roho haijatulia. Sikupigi simu kwa sababu nikisikia sauti yako nitalia kabla sijasema neno.

Mama, nimeharibu. Zile mbegu za shibiti, kiungo chetu cha majani, ulizonifungia kwenye leso nilizipanda zote Januari, kipande kizima nilichopewa na kikundi cha akina mama kando ya mto. Uliniambia nibakize nusu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na langu limeshavunjika. Kwetu shibiti hupandwa wakati wowote udongo ukiwa na unyevu, basi nikajiona bingwa, nikawa nawafundisha watu wa hapa kulima! Kumbe jua la hapa lina sheria yake. Kabla haijafika gotini, shibiti ilikuwa imeshatoa maua. Mnunuzi alikuja, akavunja shina moja, akanusa, akaondoka. Yeye anataka majani mabichi tu.

Mama Guyo, jirani yangu wa shamba, alitikisa kichwa. "Wee mama ya Kinangop, hii kitu unapanda Mei ikiisha, Juni hivi, wakati hata ng'ombe inasikia baridi. Mbona hukuuliza?"

Sikuuliza kwa sababu ya kiburi. Sheria ya kikundi ni kwamba kipande kisichotoa mazao kinapewa mtu mwingine, na mimi ndiye mgeni. Jumamosi walitaka kunitoa. Mama Guyo akasimama, akasema wanipe muda mpaka msimu wa baridi, na nikishindwa tena wachukue na kipande chake. Mama, ana watoto watano! Wala sikumwomba.

Najua huko hukubakiza hata punje, kwa hivyo nimeacha mistari miwili ikomae nipate mbegu. Ndege wanazitaka kuliko mimi. Nashinda pale nikigonga kopo, na maji ya mto tunapewa kwa zamu, na yanapungua kila wiki. Naogopa, Mama. Niombee usichoke.

Msalimie Baba, na dada yangu Wambui anayekutekea maji, na shangazi wa dukani, lakini haya usiwaambie. Mbegu zisipoota Juni, usinitarajie nyumbani. Nitabaki hapa nifanye kibarua, watoto wa Mama Guyo wale kwanza.

Ni mimi binti yako mkaidi,
Nyambura