Chupa ya Chenin ya Kumpokea Shivachi

Mama Mutheu,

Nimeenda Kawangware kumleta Shivachi, baba wa kijana anayemchumbia Mutheu. Asubuhi umenifokea eti Mluhya hatakula kwetu wakati sisi Wakamba tunaambiwa na Waluhya wenzake tuhame Kibera. Si Shivachi aliyetuambia. Asipokuja leo, Mutheu hana ndoa.

Ile chupa ya mvinyo mweupe itie kwenye ndoo ya maji baridi. Ni zabibu za Chenin, zile nilizokuwa nachuma kule Cape, Afrika Kusini: kwanza uchachu wa limau, halafu utamu kama asali. ~~Kaanga samaki.~~ Pika kuku. Mvinyo huo unapatana na vyote viwili, lakini Mluhya asipoona kuku atajua tumemkataa. Na pilipili kidogo, wewe! Ikizidi itaua ladha ya mvinyo.

Funga mlango. Nikirudi peke yangu, chupa isifunguliwe. Nipe chai, usiniulize kitu.

Baba Mutheu