Lala, lakini Simu Ipokee

Mwenzangu, acha unachofanya unisome.

Asubuhi nafuta vumbi kwenye simu zangu mbili za mapokezi, kama kawaida, mara bosi huyo na kocha wa maisha. Sauti ya asali! Eti amekuja kunilaza usingizi kwa maneno ili niache kung'ata kucha. Tangu yule dada niliyekuwa naye mapokezi aache kazi, nafanya kazi ya watu wawili. Dawa yake ndiyo usingizi?

Wakaniketisha palepale, wateja wakitazama. Nilitamani ardhi inimeze.

Kocha: "Funga macho, dada. Mabega yanalegea. Hakuna kinachokusumbua."

Bosi akaniinamia sikioni: "Lala, binti, lakini simu ikilia ipokee."

Narudia, maana hata mimi siamini. LALA, LAKINI SIMU IKILIA IPOKEE!

Na ikalia kweli. Nikaipokea macho yamefumbwa, kama mwendawazimu. Ya pili nayo ikaanza.

Kocha hana hata haya: "Sauti hizo ziache zipite kama upepo."

Bosi akaruka: "Zipite wapi? Huyo ni mteja!"

Wakabishana juu ya kichwa changu kama watu wanaogombea mbuzi mmoja sokoni.

Unanijua mimi, hata nikikanyagwa mguu ndimi ninayeomba radhi. Lakini nilifumbua macho, nikaweka mikono yote mezani, kucha zangu zilizoliwa zikionekana na kila mtu.

"Bosi, mimi siumwi. Nimeelemewa. Ajiri mtu wa pili, la sivyo na mimi naondoka."