Laini Nne Kwenye Mchoro, Moja Ukutani

Mshauri mpendwa, shikamoo. Nisaidie, maana mtu ninayetaka kumsema ndiye aliyenipa kazi na ndiye aliyenipa mke.

Mimi ni fundi umeme, ufundi nimefundishwa na shemeji, kaka wa mke wangu, na mwaka huu alipata kazi ya kuweka umeme kwenye chumba cha kompyuta cha chuo kimoja, kompyuta ishirini na nne, akaniambia nichore, nami nikachora vizuri tu, laini nne, kila laini na breka yake, kompyuta sita sita, nikaweka sahihi, na mwenye chuo akaupenda ule mchoro mpaka akaubandika ndani ya mlango wa boksi la breka. Kisha nikaugua wiki nzima, niliporudi ukuta umeshapigwa plasta na rangi, nikafungua boksi nikakuta ni waya mmoja tu unaokwenda kule chumbani, soketi zote zimeungwa moja baada ya nyingine kwenye waya huo huo, nikamuuliza shemeji, akacheka, akasema, "Kompyuta inakula umeme gani wewe? Siyo pasi hiyo. Injinia wa Karatasi, acha uoga." Waya wa zile laini tatu nilikuja kuuona nyumbani kwake, kwenye vyumba vipya alivyomjengea mama yao, mama mkwe wangu, ambaye ananipenda kama vile alinizaa.

Masomo yalipoanza breka ikawa inajizima kila wanafunzi wakiwasha zote, mwenye chuo akalalamika, shemeji akanipa breka kubwa nikaifunga, haikujizima tena, kila mtu akafurahi, ila mwalimu wa chumba kile ni mke wangu, mshauri, na juzi amerudi akasema ukuta ulio karibu na meza yake una joto na kuna harufu ya plastiki, nami nikamjibu kwamba ni rangi haijakauka. Nikisema, shemeji anapoteza kazi na jina, mama mkwe atajua taa zake zimetoka wapi, na nyumbani kwangu hapatakalika. Nimkabili vipi shemeji bila kuvunja undugu?

Injinia wa Karatasi


Injinia,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikikutafuta wewe, maana umejificha vizuri. Shemeji umemweleza mpaka kicheko chake. Breka umeipa maneno manne, "akanipa breka kubwa nikaifunga," ukapita haraka. Kwani alikushika mkono?

Nimempigia fundi mmoja wa siku nyingi nikamsomea. Habari za shemeji hakuuliza. Amesema ile breka ya kwanza ilikuwa inafanya kazi yake, inakata umeme kabla waya haujazidiwa. Wewe umeweka inayovumilia zaidi, na waya ni ule ule mwembamba, kwa hiyo sasa kinachoungua ni waya, ndani ya ukuta, asikokuona mtu. Halafu akaniuliza, "Wameshazima?"

Nakuhurumia, na sisemi kwa kujikosha. Kumshtaki aliyekufundisha kushika koleo si jambo dogo, na mama mkwe wa namna hiyo hapatikani kila mlango. Lakini hapo kwenye undugu umeniudhi. Mkeo si ndugu? Alikuuliza swali la kifundi, ukampa jibu la rangi, akakuamini, akarudi kukaa pale pale. Shemeji yako aliiba waya, na aibu hiyo ni yake. Uongo aliorudi nao mkeo darasani ni wako peke yako.

Sasa nisikilize. Usianze na shemeji, anza na swichi. Nenda chuoni, zima laini ile, umwambie mwenye chuo kwa kinywa chako kwamba mchoro ni wa uongo na sahihi ni yako. Ubandue, maana fundi mwingine akifungua boksi atauamini. Kompyuta hata moja isiwashwe mpaka ukuta upasuliwe na laini zote nne zipite. Siku hiyo hiyo mweleze mkeo yote, kabla hajayasikia kwa wengine. Shemeji awe wa mwisho. Akinuna, anune. Akikuuliza undugu uko wapi, muulize dada yake anakaa meza ipi.

Na bado sijamaliza nawe. Barua yako ina tarehe, ila haina namba ya simu wala jina la chuo. Kutoka siku ulipoiandika hadi gazeti hili likufikie ni siku kumi na tisa, na mkeo bila shaka hajakosa kazini. Simu unayo, miguu unayo, chuo unakijua, nawe ukachagua kuniandikia mimi. Sijui kama jibu hili litakuwahi. Nenda kazime.