Fundo la Projestus

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Wilaya ya Biharamulo

Jina: Bernadetha Felisiani
Umri: Miaka 46
Kabila: Msubi
Dini: Mkristo
Kazi: Mkulima, muuza kuni na mfugaji wa nguruwe
Makazi: Kata ya Lusahunga
Tarehe: 14/03/2025, saa 6:10 mchana

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimeelezwa na afande kwamba sheria hainilazimishi kutoa maelezo dhidi ya mume wangu. Nimesikia. Aandike.

Nina heka moja na nusu ya mihogo na maharage. Haitoshi, kwa hiyo ninakata matawi ya mikaratusi yangu, ninawauzia kuni mama lishe wa njia panda Lusahunga, na kwa hela ya kuni nilinunua nguruwe jike mmoja. Banda nilijengewa na jirani yangu Danstan, na hakunidai hata soda. Mume wangu Projestus alikuwa amekaa kwenye kiti akituelekeza. Tangu siku hiyo ananiita "mama nguruwe" mbele za watu, na nyama ya nguruwe akiipata anakula mpaka analamba sahani.

Mnamo Jumatano tarehe 12, saa 1:00 asubuhi, niliondoka na mzigo wa kuni kichwani. Nguruwe nilimwacha bandani, mimba yake imebakiza wiki mbili. Nilirudi saa 8:00 mchana nikakuta banda liko wazi. Projestus alikuwa barazani, suruali imejaa tope mpaka magotini. Aliniambia, "Mama Frida, tumeibiwa. Ni Danstan, nimeshamripoti polisi." Nilimuuliza tope limetoka wapi. Akasema ameteleza kisimani. Eti kisimani! Miaka kumi na tisa ya ndoa, mtu huyu hajawahi kuteka maji hata ya kunawa uso wake.

Danstan alikamatwa jioni hiyo. Mimi nilinyamaza kwa sababu sikuwa na ushahidi wowote mkononi. Alhamisi mkewe, Secilia, alikuja kwangu, akakataa kuingia ndani. Alisimama uani akasema, "Dada, wewe unamjua Danstan." Nimeshaona aibu mara nyingi kwa ajili ya Projestus, lakini ile ilizidi zote.

Leo saa 12:30 asubuhi nilisikia mguno uani. Nguruwe amerudi mwenyewe, anachechemea, anaburuta kamba ya katani. Ncha moja ilikuwa imejisokota kwenye mguu wa nyuma. Ncha ya pili ilikuwa na kitanzi kikubwa chenye vipande vya magome, yaani alifungwa kwenye kisiki, akavuta, kitanzi kikalegea kikachomoka. Nilipoliona fundo la kitanzi hicho niliketi chini palepale.

Afande ameniuliza fundo lina nini. Kwetu kila anayefunga kuni anazungusha kamba, anapitisha ncha katikati, anakaza kwa goti. Projestus anazungusha mara mbili, anachomeka ncha kwa chini, basi, amemaliza. Halibani. Kila mzigo aliowahi kuufunga nimeufungua nikaufunga upya. Nimemfundisha mpaka nikachoka. Fundo lile ni lake peke yake, sijaona mtu mwingine mwenye uvivu wa namna ile.

Nilijua angekana. Saa 2:00 asubuhi nilimwita mwenyekiti wa kitongoji, mzee Anatoli, pamoja na Secilia. Nguruwe nilimficha jikoni. Nilimpa mzee shikamoo, nikampa kiti, ndipo nikaenda kumwamsha Projestus. Nilimwekea kuni kumi na tisa mbele yake, nikamwambia kwa upole, "Baba Frida, nifungie mzigo niende njia panda." Alifurahi! Alidhani nimeshasahau. Alifunga huku anamwambia mwenyekiti, "Unaona, mzee? Bila mwanaume nyumba haiendi."

Nikaingia jikoni, nikatoka na ile kamba, nikailaza juu ya mzigo. Mzee Anatoli akatazama fundo hili, akatazama lile, akavua kofia. Projestus akasema, "Mama Frida, nilitaka tu kukusaidia kumuuza. Nilimfunga porini nikisubiri mteja." Secilia akamuuliza, "Na mume wangu?" Alianza kukusanya vijiti vilivyoanguka chini, kana kwamba leo ndiyo ameajiriwa kazi ya kufagia uwanja. Hata kuiba kwenyewe hajui, jamani.

Ninachoomba ni Danstan atoke leo, akale nyumbani kwake. Afande ameniuliza kama nitamletea mume wangu chakula endapo atawekwa ndani. Nimesema nina nguruwe mwenye mimba wa kulisha.

Kamba nimeikabidhi. Mzigo nao nimeubeba kichwani mpaka hapa kituoni vilevile alivyoufunga, fundo sijaligusa. Nimesomewa yote niliyosema. Ni maneno yangu, ni ya kweli, na sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: B. Felisiani

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Ernesta, na kumsomea shahidi naye amekiri ni sahihi. Nimepokea vielelezo viwili: kamba moja ya katani yenye fundo, na mzigo mmoja wa kuni uliofungwa na Projestus. Shahidi anasema alitoka nyumbani na kuni kumi na tisa. Nimezihesabu mbele yake. Zilizofika ni kumi na mbili.